Chui wa Ubao wa Tatu

Ng'ombe wa kwanza aliyechorwa na Alfayo Ombati alizua ugomvi. Alikuwa amempaka kwenye ukuta wa bucha sokoni Keumbu, mwaka 1966, ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe pajani, na kabla rangi haijakauka mzee mmoja akasimama mbele yake na fimbo.

"Huyu ni wangu. Aliibwa mwaka jana. Fundi, umemwona wapi?"

"Sijamwona popote, mzee. Nimemtoa kichwani."

"Na kichwani mwako aliingiaje?"

Soko lilicheka wiki nzima. Alfayo hakucheka. Siku ile alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Kwa miaka kumi na tano alikuwa ameandika herufi tu: kwanza namba za makalavati kwenye barabara za serikali, halafu majina ya maduka mjini Kisii, na tangu uhuru alifuta majina ya wenye maduka wa zamani na kuandika ya wapya. Hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele ya herufi zake na kudai kwamba ni zake.

"Mtu anasoma jina la duka, anaingia kununua sukari," aliniambia. "Jina lenyewe halioni."

Nilikutana naye Januari 1972, huko Nyansiongo, pampu ya maji ya gari langu ilipokufa nikielekea Kisii. Nilipanga chumba kwa siku tatu nikakaa karibu wiki tatu. Nyumba ile ilikuwa ya mlowezi Mwingereza, mwenye mahindi na ng'ombe wa maziwa, aliyeuza kila kitu na kwenda zake. Aliyeinunua ni Nyasani, mwalimu wa shule aliyeacha chaki akaingia biashara, na wote waliendelea kumwita Mwalimu. Alikuwa anaigeuza kuwa hoteli ya wageni. Mabasi ya watalii yalikuwa yanapita barabara ile bila kusimama, na jambo hilo lilimnyima usingizi.

"Mtalii hasomi bango akiwa safarini," alisema. "Yeye anatafuta twiga. Basi mimi nitampa twiga hapa hapa, mbele ya lango, asihangaike."

Ndiyo iliyokuwa kazi ya Alfayo: mbao sita kubwa, kila moja futi nane kwa sita, zisimame kwa mstari kando ya barabara, na juu yake wanyama wa porini. Ndovu, twiga, chui, kiboko, nyati na simba, kwa mpangilio huo, ili chui na kiboko wawe katikati, lango linapoanzia. Alfayo alikuwa na umri wa miaka arobaini na mbili na hakuwahi kumwona hata mmoja wao akiwa hai. Vilima vya kwao vimejaa chai, migomba na watu. Ndovu wa mwisho alipita huko kabla babu yake hajatahiriwa. Hilo halikunishangaza. Lubumbashi niliwahi kuwaona wachoraji wakichora bahari ambayo hawajaigusa, na wakiichora kwa raha. Alfayo hakuwa na raha. Alijua kwamba kazi kama hii haitamjia mara ya pili, na kwamba akiikosea atarudi kwenye herufi mpaka afe.

Kwa hiyo aliiandaa kama mtu anayetayarisha mahari. Seremala alikuwa Onchiri, kutoka Keumbu pia, mtu mwenye mdomo. Aliunganisha mbao za msaiprasi na kuzipigilia vibao vya kukingama nyuma, na Alfayo akazikataa mbili baada ya kuzibonyeza kwa kucha.

"Hizi bado zinakunywa maji."

"Fundi, mti ulikatwa mwaka juzi!"

"Basi ulikatwa na kusahau kufa. Zirudishe kwenye jua."

Kila fundo la mti alilichoma kwa chuma cha moto, akalipaka shelaki lisije likatoa utomvu chini ya rangi. Alipaka rangi ya kwanza mbele na nyuma, na pembeni, hata chini ambako hakuna atakayeona, kwa sababu ubao ukipakwa upande mmoja hunywa mvua kwa upande wa pili na kujikunja. Nyufa alizijaza kwa unga wa mawe laini ya Tabaka, aliouomba kwa wachongaji, akaukanda kwa mafuta ya kitani mpaka ukawa kama uji mzito. Kisha alisugua kwa msasa, siku mbili.

"Unampaka poda kama bibi harusi," alisema Onchiri.

"Na wewe ndiye shangazi, shika hapo."

Siku zile alikuwa anatania. Mbao sita nyeupe ziling'aa kando ya barabara, na wakulima waliopeleka maziwa walisimama kuuliza kama Mwalimu anajenga sinema.

Tatizo lilikuwa chui. Nyati alikuwapo: kichwa chake kikavu kilibaki ukutani sebuleni, kimeachwa na mlowezi. Twiga na simba alikuwa nao kwenye kalenda, kiboko na ndovu kwenye kitabu cha shule cha Mwalimu. Lakini kila chui aliyemchora kwenye karatasi alitoka kama paka aliyerukiwa na matope. Madoa yalikuwa duara tupu, kama ya ndizi iliyoiva kupita kiasi. Alichora kumi na mbili, akazichoma zote jikoni kwa Mwalimu.

Jumanne moja Nyasani alitoka chumbani na gunia. Ndani mlikuwa na ngozi ya chui, nzima, na kichwa chake, ambayo mlowezi aliisahau sandukuni. Chini ya bega la kushoto palikuwa na tundu la risasi lililoshonwa kwa uzi mweusi.

"Hii hapa. Soma madoa mpaka uyajue kwa jina. Lakini irudi. Jumapili ijayo watu wa kampuni ya utalii wanakuja kutoka Nairobi, na hii nimekwisha kuwaambia itakuwa ukutani, juu ya meza ya kuandikisha wageni."

Alfayo alifuta mikono kwenye suruali lakini hakuichukua.

"Mwalimu, mimi ni mtu wa chui."

"Na mimi ni mtu wa hoteli. Wewe si shemasi kanisani?"

"Ni shemasi."

"Shemasi wa Sabato anaogopa ngozi?"

Abagusii, kabila lake Alfayo, wamegawanyika kwa wanyama: kuna watu wa kiboko, watu wa pundamilia, na wengine. Babu yake Alfayo alihamia Keumbu kutoka Getutu, na huko wao ni watu wa chui. Hawamuui. Katika boma lao, aliyemkuta chui amekufa alikata majani, akamfunika, akaenda bila kugeuka. Ngozi yake haivaliwi wala haikaliwi. Alfayo alinieleza haya garini, pampu ikiwa imekwisha kutengenezwa, nilipokuwa nampeleka Keumbu na gunia likiwa kiti cha nyuma, na aliyaeleza kwa tabasamu, kama mtu anavyoeleza mambo ya zama za bibi. Alikuwa amebatizwa akiwa na miaka kumi na minne. Alitaka kuisomea ngozi nyumbani, kwenye mwanga wa mlango wake, mbali na wapishi wa Mwalimu waliomsimamia begani.

Hapo ndipo alipokosea, na sidhani kama mtu wa kabila lingine angeweza kukosea vile. Ngozi ilipotandikwa chini ilikuwa bapa kama ramani. Yeye alitaka kuona madoa yanavyosogeleana mgongo unapopinda. Alitazama huku na huku. Kitu pekee chenye mgongo katika nyumba ile kilikuwa kiti cha marehemu baba yake, cha mti mzito, kilichokaa pembeni bila kukaliwa na mtu tangu mazishi. Alikivuta mlangoni, akaitupa ngozi juu yake, kichwa kikaning'inia pale mtu anapokalia.

"Ona!" akaniambia. "Si duara. Ona, kila doa limevunjika mahali. Ni kama alama za vidole vilivyobanwa pamoja!"

Alichora kwa haraka, ulimi nje kidogo. Mkewe Jemimah alituletea chai, akatazama kiti, akaweka vikombe chini, akatoka. Tulikuwa hatujamaliza chai mama yake Alfayo alipoingia. Nyamoita alikuwa na zaidi ya miaka sabini, mwembamba, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Alisimama kizingitini.

"Ni nani amekaa kwenye kiti cha bwana wangu?"

"Ni ngozi, mama. Ya kazi."

"Naona ni ngozi. Nauliza ni nani."

Alfayo aliinuka na karatasi mkononi. Alimweleza habari za mbao sita, za Mwalimu, za watalii. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alikaribia, akaweka kidole kwenye tundu lililoshonwa.

"Walimpiga hapa."

"Mzungu alimpiga, mama. Zamani. Sisi hatumo."

"Na nani amemleta nyumbani kwa baba yako akamkalisha?" Sauti yake haikupanda. "Mimi nililetwa hapa kutoka Bonchari, kwa watu wa kiboko. Nilikuwa msichana. Nilifundishwa kumheshimu chui wenu kabla sijajua kama baba yako anakoroma. Mchore. Mchore hata akiwa amevaa suruali, mimi sina neno. Picha ni picha. Lakini huyu ni maiti, Alfayo, na maiti hawekwi kitini."

Alfayo aliiondoa ngozi kitini siku ile ile, akaitundika dirishani na kuendelea kuchora. Alidhani imekwisha.

Jumatano mchana alikwenda mjini Kisii kununua mafuta ya kitani na tapentaini. Aliporudi dirisha lilikuwa tupu. Mama yake alikuwa ameketi nje akimenya viazi vitamu.

"Nimemzika," alisema. "Kule mwisho wa migomba. Nimemfunika vizuri."

Alfayo alimgeukia mkewe.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa," Jemimah akajibu. "Aliniomba majani ya mgomba, nikamkatia. Ulitaka nimwambie hapana? Mama aliyekuzaa?"

Alhamisi alikuja Nyansiongo kwa basi, akamweleza Nyasani ukweli wote mbele yangu, verandani. Niliona jambo lile lilivyomgharimu. Alisema anaweza kumwondoa chui kabisa na kuweka pundamilia, au achore mbao zote sita kwa nusu ya malipo.

Nyasani hakuwa mtu mbaya. Alijikuna kidevu.

"Fundi, mimi sikumwazimisha mama yako. Nilikuazimisha wewe. Ile ngozi si yako kuzika, wala si yake. Ningekuwa nimekupa ng'ombe wa kuchora, angemzika pia?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi. Ngozi iwe hapa Jumapili asubuhi kabla wageni hawajafika. Isipokuwepo nitaandika barua Kisumu. Yuko kijana kule aliyechora samaki kwenye hoteli ya ziwani, na mbao umekwisha kumtayarishia. Atakuja na brashi tu."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomchoma. Nilimrudisha Keumbu Ijumaa, tukapita Keroka. Hapo akasema, "Atapaka juu ya rangi yangu ya chini. Juu ya msasa wangu." Kisha akasema, "Mama ataelewa." Kisha, baada ya kona mbili, "Hataelewa."

Ijumaa ilikuwa na saa zake. Jua likizama Sabato inaingia, na shemasi hashiki jembe. Jumamosi nzima haiwezekani, na Jumapili asubuhi ngozi ilipaswa kuwa Nyansiongo. Tulifika kama saa kumi alasiri. Alivua viatu, akachukua jembe nyuma ya jiko, akapita uani.

Nyamoita alikuwa ametandika mkeka pembeni mwa njia ya kwenda migombani. Hakuwa ameiziba njia.

"Sitakushika mkono," alisema. "Wewe ni mtu mzima, una watoto."

"Mama, ni mali ya mtu."

"Ilikuwa mali ya mtu."

"Nisipoirudisha kazi inakwenda. Itakwenda kwa mtu wa Kisumu." Alikuwa amesimama na jembe begani, na sauti yake ilianza kuwa ya mtoto. "Miaka ishirini na zaidi naandika majina ya watu, mama. Hii ni kazi ya kwanza ambayo ni yangu."

"Najua. Ndiyo maana sijakulilia."

Alichimba. Hapakuwa na kina kirefu. Mikono ya mwanamke mzee haichimbi kaburi refu. Majani yalikuwa bado mabichi, yamepangwa kwa uangalifu, yakikingamana. Aliyaondoa moja moja na kuyaweka upande, kama mtu anayetarajia kuyarudisha. Ngozi ilikuwa na unyevu na harufu, na tumboni manyoya yalitoka na udongo alipoikung'uta. Shimo hakulifukia. Jemimah alishika gunia wazi bila kumtazama usoni. Tulipopita tena penye mkeka, mama yake alikuwa ameupa mgongo uwanja, anatazama barabara.

Jumamosi Alfayo alikaa kanisani kwenye benchi lake la mashemasi. Mama yake hakwenda. Jemimah ndiye aliyenieleza baadaye kwamba siku nzima hawakusemezana, na chakula cha mchana Nyamoita alikula jikoni peke yake.

Jumapili asubuhi nilimchukua mapema. Nyasani aliinusa ngozi, akakunja uso, akaichana kwa brashi ya viatu, kisha akaagiza itundikwe juu sana, pale kipara cha tumboni kisipoonekana kwa mtu aliyesimama chini.

"Ngozi ya umri huu ina haki ya kuwa na kipara," alisema. "Hata mimi ninacho." Alimpiga Alfayo begani. "Haya, fundi. Wageni wakifika wakukute kazini."

Alianza na ubao wa tatu. Onchiri, aliyekuja kukaza nguzo, alimuuliza kwa nini asianze na ndovu, ambaye ni wa kwanza na ni rahisi, mkubwa na rangi moja.

"Nisipoanza na huyu sitaanza," Alfayo alisema.

Walivuta uzi uliopakwa makaa, kila mmoja upande wake, wakaupiga juu ya ubao mweupe, mstari baada ya mstari, mpaka ukawa miraba. Akahamisha mchoro wake mraba kwa mraba kwa kipande cha mkaa. Mkono wake haukusita hata mara moja. Chui alilala juu ya tawi, kichwa kimegeukia barabara, na hata kabla ya rangi alikuwa na uzito. Onchiri alirudi nyuma hatua kadhaa ili amwone mzima.

Kisha ikaja rangi ya mwili. Alikuwa ameichanganya kwenye debe, manjano yenye wekundu kidogo, nyingi ya kutosha ubao mzima. Rangi hiyo lazima ipakwe kwa mfululizo kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwani ikikauka katikati huacha mstari, na jua la asubuhi lilikuwa limekwisha kuwa kali. Alikuwa amefika begani mwa mnyama basi la kutoka Keumbu liliposimama na Jemimah akashuka.

Hakumsalimu. Alisimama kando ya madebe.

"Mama ameondoka."

Brashi iliendelea kidogo, ikasimama. "Amekwenda wapi?"

"Kwa Machogu. Itumbe." Machogu ni mdogo wake Alfayo, mkulima wa chai. "Alimwita tangu jana. Machogu amefika mlipokwisha kuondoka, wamepanda gari la majani ya chai."

"Na nguo?"

"Zote. Na Biblia."

"Alisema atarudi lini?"

"Hakusema."

"Alisema nini, basi?"

Jemimah alitazama ubao, halafu chini. "Alisema, mwambie fundi afanye kazi yake vizuri."

"Alisema fundi?"

"Alisema fundi."

Rangi ilikuwa imeanza kupoteza mng'ao kwenye ukingo wa bega. Alfayo aliiona, nilimwona akiiona. "Nikiacha sasa patabaki mstari," alisema, wala sijui alimwambia nani kati yetu. Alichovya brashi. Alipaka kifua, tumbo, paja, mkia, kwa mipigo mirefu ya brashi isiyokatika, na Jemimah akakaa juu ya debe tupu akamsubiri. Ilimchukua karibu nusu saa kufika mwisho.

"Itumbe leo kuna basi?" aliuliza.

"Leo hakuna," Jemimah akasema.

Nilimwambia kwamba gari langu lipo na lina petroli. Alinishukuru. Alikwenda kwenye bomba la nyuma, akajisugua mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kisha kwa mchanga. Manjano yalibaki chini ya kucha na kwenye mikunjo ya viganja. Alirudi akiiangalia, akiigeuza mbele na nyuma.

"Siwezi kumsalimu mama na mikono hii," alisema. "Nitakwenda kesho."

Basi dogo la watu wa Nairobi liliingia langoni, na mmoja wao akateremka na kamera. Alfayo alipanda ngazi, akafungua kopo la rangi nyeusi, akaanza madoa, kila moja likiwa limevunjika mahali.

Nilipoondoka Nyansiongo Alhamisi, chui alikuwa amekamilika, twiga amefika shingoni, na Alfayo alikuwa bado hajaenda Itumbe.